Nati Niliyoikaza kwa Vidole

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila ninaposikia baiskeli ikiteremka kwa kasi. Ninyi vijana mnaopita hapa Kikima siku za Jumamosi, mmeinamia usukani, matairi membamba kama kidole, mnanipungia mkono mkidhani mzee huyu anawashangilia. Sishangilii, nasikiliza tu. Cheni kavu naijua kwa mlio wake, na breki iliyokwisha pia. Mkishapita, moyo hunidunda mpaka niwaone mmekata kona ya kwanza mkiwa wazima.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, fundi katika kibanda cha baiskeli cha Mama Kavata. Alikuwa mjane. Mumewe alimwachia kibanda na spana, naye akajifunza kazi mpaka wanaume wakaacha kumcheka. Sote tulimwita Mwaitu, yaani mama yetu, kama ilivyo desturi ya Ukambani. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini sheria yake ilijulikana: baiskeli haitoki kibandani kabla fundi hajavuta breki kwa nguvu mara kumi. Mimi niliona hayo ni mambo ya wazee. Mikono yangu ilikuwa myepesi na wateja walinisifu, na sifa, mwanangu, ni pombe isiyo na harufu.

Rafiki yangu Mutiso alikuwa na baiskeli ya mashindano. Alizoea kushuka nayo mlima wetu wa Mbooni kuelekea Tawa, kisha kuupanda tena akihema. Asubuhi hiyo aliileta nimsafishie cheni, nimbadilishie raba za breki ya nyuma, na nimwekee waya mpya katika breki ya mbele. Raba nilizitazama nikaona zimebaki kidogo, nikajiambia zitamaliza wiki. Waya niliuweka. Nilikuwa nimekwisha kuizungusha kwa vidole nati inayoubana, spana iko mkononi tayari kuikaza, ndipo akaja Ndunge, binti wa jirani, anataka tairi litiwe upepo. Nilimpenda Ndunge. Nikaiweka spana chini.

Niliporudi nilikata ncha ya waya, nikaipangusa baiskeli mpaka ikang'aa, nikamwambia Mutiso iko tayari. Mwaitu aliuliza kutoka ndani kama nimevuta breki. Nikajibu kwamba nimevuta.

Mutiso alipokwisha kuondoka, niliokota spana kuirudisha mahali pake. Nikajaribu kukumbuka mkono wangu ukiikaza ile nati. Nilikumbuka kicheko cha Ndunge, nikakumbuka kitambaa na mafuta, lakini kuikaza sikukumbuka. Nilichukua baiskeli kubwa ya Mwaitu bila kumwambia neno, nikateremka.

Sijawahi kuogopa namna ile. Nilipiga kelele nikiita Mutiso, nami nilijua hanisikii. Kila kona niliikaribia nikitamani isifike. Kwenye kona ya pili niliona watu wamekusanyika kando ya barabara, nikavuta breki. Kumbe walikuwa wakipakia maparachichi kwenye pikapu. Nikawauliza kama wamemwona mtu wa baiskeli. Mmoja akasema amepita kama risasi, akacheka.

Kwenye kona ya tatu hapakuwa na mtu. Palikuwa na mchirizi mweusi wa tairi, nusu hatua hivi, kisha majani ya napia, yale ya kulisha ng'ombe, yaliyolala hadi chini kwenye shamba la mtu. Nilisimama pale juu, mwanangu, na nakwambia ukweli: kwa muda mfupi nilifikiria kugeuza baiskeli nirudi, nijifanye sikufika.

Nilishuka. Mutiso alikuwa amelala chali kwenye tuta, bega limeshuka kama nguo iliyochomoka kwenye kamba, damu sikioni. Nilidhani amekufa. Nilipomgusa alifungua macho.

"Muli," akaniita kwa jina, "nadhani nilivuta breki vibaya."

Nikamwambia pole. Ni neno zuri, pole, lakini siku ile nililitumia kama blanketi la kufunikia uchafu.

Wale watu wa maparachichi walitusaidia kumpeleka zahanati kwa pikapu yao, na kutoka huko akapelekwa hospitali kubwa, kwa maana alikuwa akitapika na hawakujua kichwa kimeumia kiasi gani. Siku tatu sikulala vizuri. Kila gari lililosimama sokoni nilidhani limeleta habari ya msiba. Watu walikuja kibandani wakisema ajali haina kinga, nami nilitikisa kichwa pamoja nao. Mama yake Mutiso, Mama Syombua, alimlaumu mwanawe kwa kupenda mbio. Hilo nalo nililisikiliza, nikanyamaza.

Siku ya nne Mwaitu aliniita nyuma ya kibanda. Baiskeli ya Mutiso ilikuwa imeletwa, naye ameichunguza. Alinionyesha ule waya wa breki ya mbele, uliochomoka kwenye nati. Waya uliobanwa na nati huwa umepondeka pale ulipobanwa, mwanangu, una alama kama ya jino. Huu ulikuwa mviringo na laini, kama ulivyotoka dukani.

"Ungekosea tu, ningekufundisha," akasema. "Lakini nilikuuliza, ukanijibu. Sasa nitawezaje kukuuliza tena?"

Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga. Akanipa waya, akasema niupeleke kwa mwenyewe.

Mutiso alikuwa bado hospitalini, nikaenda kwa mama yake, Mama Syombua. Nilimkuta akichagua maharagwe kwenye ungo. Nikasema yote, ya raba, ya nati, ya uongo. Mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea. Akaniambia, "Mtoto wangu anaamka usiku akijilaumu. Akirudi, utamwambia wewe mwenyewe. Mimi sitakubebea."

Mutiso alirudi wiki iliyofuata, mkono umefungwa kifuani. Nilimwambia. Hakunitukana, aligeukia ukuta tu, nami nikaondoka. Miezi mingi tulipishana sokoni kama wageni.

Kisha asubuhi moja akaja akiisukuma ile baiskeli. Akasimama juu yangu wakati nikiweka waya mpya na raba mpya mbele na nyuma. Nilikaza kila nati, nikavuta breki mara kumi, akihesabu kimoyomoyo, nikaona midomo yake ikicheza. Nikamwambia imekwisha.

"Panda," akasema. "Ushuke wewe kwanza."

Niliteremka mlima ule juu ya kazi ya mikono yangu mwenyewe, na kila kona nilisikia mwili wangu wote ukiuliza swali ambalo yeye hakupata nafasi ya kuliuliza. Breki zilishika. Nilifika chini nikakaa barabarani nikalia. Mutiso alipofika kwa pikipiki aliichukua baiskeli yake, akapanda nayo mlima. Lakini tangu siku hiyo hakuipeleka kwa fundi mwingine.

Sasa sikiliza, mwanangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Pangusa cheni yako ukitoka vumbini, uipe mafuta kidogo, usiiogeshe. Raba za breki zibadilishe kabla hazijakulazimisha. Waya ukianza kuchanika uzi mmoja, usingoje wa pili. Minya tairi, tikisa gurudumu, vuta breki zote mbili kwa nguvu kabla hujaondoka nyumbani, hata kama fundi ni ndugu yako, hata kama fundi ni mimi. Na kazi usiyoikagua usiseme iko tayari. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, maana mficha maradhi kilio humfichua, na wakati wewe umenyamaza kuna mtu mahali anabeba lawama yako.

Mungu akulinde juu na chini ya mlima. Akupe mikono yenye subira na ulimi usioogopa ukweli, na kila aliyekuaga asubuhi akupokee jioni ukiwa mzima.