Honi Mbili Ndefu na Moja Fupi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa usukani. Nilifundishwa kupiga honi.

Mkuu wa Karakana, mzee mfupi mwenye sauti ya mwimbaji wa kanisani, alinipandisha kwenye lori bovu lililokuwa juu ya magogo, akaniambia nibonyeze. Nikabonyeza kama mtu anayefukuza mbuzi barabarani.

"Unamfukuza nani, kijana? Ndefu, ndefu, fupi. Rudia."

Nikarudia mpaka mafundi wakacheka. Ndipo akanieleza. Ilikuwa miaka ya wakimbizi, na malori yetu yalipeleka mahindi na maharage kambini kupitia msitu wa Biharamulo, walikojificha majambazi, kisha vijiji vya Ngara vya mpakani. Huko Murusagamba, watu waliposikia milipuko ya vita kutoka ng'ambo ya mpaka hawakubaki ndani, kwa kuwa nyumba ndiyo huchomwa kwanza. Walishuka bondeni, wakalala kifudifudi chini ya migomba. Hawakumwitikia mtu, hata akiwaita kwa majina, maana adui naye huyajua majina. Lori la kwanza likikuta njia ni shwari lilipiga ndefu, ndefu, fupi. Hapo akina mama walitoka migombani na watoto mgongoni, majani ya migomba yakiwadondoshea umande.

"Hapa gari halikimbii," Mkuu alisema siku aliponikabidhi ufunguo. "Gari linafika."

Nilifika, mwaka baada ya mwaka. Nilijifunza kufunga minyororo kwenye matairi ili yang'ate tope la barabara ya Keza, na kushuka kilima kwa breki ya injini, yaani kuweka gia ndogo na kuiacha injini yenyewe ilizuie gari, mguu ukae mbali na pedali. Mratibu wa Usafirishaji, Mzungu mrefu kutoka milima ya Alpi, alinipandisha cheo nikawa kiongozi wa msafara, dereva wa lori linalotangulia mengine yote. Cheo hicho kina heshima, na kina hofu yake. Kila kona ya msitu niliiona imevaa sura ya mtu mwenye bunduki. Jioni, kituoni Ngara, Mama Tekla alinipakulia ugali na kunikagua.

"Pastori, umerudi na masikio yote mawili?"

Mama Tekla alikuwa mpishi wetu, mzaliwa wa Murusagamba. Alikuwa amelala bondeni mara nyingi kuliko alivyopenda kusimulia.

Mkataba wa Mratibu ulipokwisha, alitualika sisi wawili kwao, tukapumzike likizo ya theluji pamoja na mkewe na binti yao mdogo, Lena. Hivyo ndivyo dereva wa Biharamulo alivyojikuta katika kijiji cha nyumba za mbao nyeusi, paa zake nzito zimebebeshwa theluji kama malori yaliyozidishiwa mzigo. Chini ya nyumba ya jirani kulikuwa na zizi, na joto la ng'ombe lilipanda hadi sebuleni. Mama Tekla alifurahi. "Hawa ni watu," alisema. "Wanalala na ng'ombe wao."

Lakini mchezo wa ski ulimshinda kuuelewa. Watu walipandishwa mlimani kwenye viti vinavyoning'inia kwenye waya, wakajifunga mbao mbili ndefu miguuni, wakateremka. Wakifika chini wanapanda tena.

"Wamesahau nini huko juu?" aliniuliza.

Mimi nilijaribu. Nilisimama juu ya mteremko mweupe, nikamuuliza Mratibu breki iko wapi. Akanionyesha jinsi ya kukutanisha ncha za mbao kwa mbele. Nikakutanisha, nikaanguka, nikanyanyuka na mdomo umejaa baridi. Kwa siku kadhaa nilicheka kama mtoto. Nilidhani woga nimeuacha Ngara, umetundikwa ukutani pamoja na ovaroli langu.

Kisha ikaja asubuhi ile. Mratibu, mkewe na mimi tulikuwa tumefika kwenye vile viti. Mama Tekla alibaki nyumbani na Lena. Ghafla mlima ukalipuka. Mlipuko mmoja, kisha wa pili, mwangwi ukizunguka bonde zima. Nilijikuta kifudifudi kwenye theluji, mikono kichwani.

Mratibu aliinama akanishika bega. "Ni baruti ya usalama, Pastori. Wanaiangusha theluji mbovu kabla haijaporomokea watu. Kijijini kila mtu anabaki ndani mpaka wamalize, basi."

Kila mtu anabaki ndani. Nilimtazama, naye akanitazama, na tabasamu likamtoka usoni.

"Tekla sikumwambia," alisema.

Tulikuta mlango wazi. Maziwa ya mtoto mezani yalikuwa bado vuguvugu. Viatu vya Lena havikuwepo. Nyayo zilishuka kuelekea kijito, kisha zikapotea kwenye njia iliyokanyagwa na wengi. Wanaume wa kijiji walikuja na fimbo ndefu za kuchokonolea theluji kumtafuta aliyefukiwa. Kiongozi wao wa uokoaji alionyesha mteremko ulio juu ya miti ya kijito: nusu ya theluji ilikuwa imeshuka, nusu nyingine ilining'inia, imepasuka ufa mrefu wa buluu. Aliamuru baruti isimamishwe. Mtu yeyote asiingie kwenye miti ile, alisema, mpaka tujue mahali hasa walipo, maana mguu mmoja ungetosha kuuangusha mlima.

Wakaanza kuita. "Lena! Tekla!" Mama wa mtoto aliita mpaka sauti ikakatika. Miti ilinyamaza. Nao ukimya ule niliujua. Niliona moyoni mkono wa Mama Tekla ukiziba mdomo wa mtoto, ukikaza zaidi kila jina linapoitwa.

"Msiite tena," nilimwambia Mratibu. "Anasikia. Ndiyo maana hajibu."

Mratibu naye alikuwa amewahi kukesha Murusagamba.

"Honi," alisema.

Alitoa ufunguo wa gari lao, ukamponyoka mara mbili. Nikauchukua. Kiongozi wa uokoaji aliniruhusu nifike darajani, nisivuke. Barabara ilikuwa barafu tupu, na matairi yamefungwa minyororo. Nikaweka gia ya kwanza, mguu mbali na breki, gari likishuka polepole huku ufa ule wa buluu ukiwa juu yangu. Sijawahi kuogopa hivyo, hata msituni. Msituni nilimwogopa mtu, na mtu unaweza kumsihi.

Darajani nikapiga. Ndefu, ndefu, fupi.

Punje za theluji zikachuruzika kutoka tawini. Nikapiga tena.

Mti mmoja ukatikisika karibu na maji. Akatoka Mama Tekla, koti lake amemfunika Lena aliyembeba mgongoni kwa kitenge, na miguuni amevaa soksi tu, zimeganda. Hakukimbia. Alitembea kama tunavyotoka bondeni, akitazama kulia na kushoto, kila hatua akiipima. Nilihesabu kila pumzi. Alipofika, aliangalia kile kigari.

"Pastori, lori liko wapi?"

Nilimfungulia mlango wa gari. Mama wa Lena alikuja mbio akilia kwa sauti, na mtoto, kutoka mgongoni, akaweka kidole mdomoni. "Nyamaza," alimwambia mama yake kwa Kiswahili.

Baadaye baruti iliporudi, theluji ilishuka na kuifunika ile miti yote ya kijito. Tulitazama dirishani. Mratibu alimwomba Mama Tekla msamaha. Yeye alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, na mkono wake haukubanduka kwenye kitasa cha mlango.

"Bwana Mratibu, tungekuwa Murusagamba, ungeniambia nimwache mtoto ndani?"

Mratibu aliinua birika. Akamwongezea maji.

Sasa nimestaafu, ninaishi Ngara. Vijana huniuliza udereva ni nini, wakitaraji niwaeleze injini. Ninawaambia kuwa dereva ni yule anayetangulia kwenye hofu ya wengine, halafu akawajulisha kwamba njia ipo.

Siku hizi wajenzi wa barabara wanapasua mawe kilimani. Mama Tekla ni bibi kizee, jirani yangu, na baruti ikilia huchukua mkongojo wake akashuka migombani. Wajukuu wanacheka, wanapaza sauti: "Bibi, rudi! Ni barabara tu!" Haitikii.

Mimi siiti. Ninaazima pikipiki ya kijana mmoja wa jirani, ninaisukuma taratibu hadi ukingo wa shamba, na ninabonyeza honi: ndefu, ndefu, fupi. Kisha ninasubiri, nikitazama majani, mpaka yatikisike.