Tumbo la Mratibu

Jumanne asubuhi mama mmoja kutoka Buhongwa alikaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu, mkoba mapajani, hajala tangu jana jioni kama tulivyomwagiza. Alikuwa anasubiri kupimwa tumbo kwa kamera. Mimi ni mratibu wa kituo kinachounganisha hospitali tatu kutafiti magonjwa ya tumbo, cheo kikubwa ambacho kazi yake ni kufukuzia saini tatu kwenye fomu moja.

Siku hiyo fomu ya mama huyo ilikuwa na saini mbili tu. Nilipita mbele yake mara nne, simu sikioni, mkono mwingine nimeukandamiza chini ya chembe ya moyo, pale panapoungua.

"Shikamoo mama. Vumilia kidogo."

"Marahaba. Na wewe hujala?"

"Nitakula saa ngapi, mama? Vikao!"

Saini ya tatu ilipatikana saa sita, akapimwa. Aliporuhusiwa kula, alifungua mkoba akatoa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akawa anatafuna taratibu. Nilipopita mara ya tano akanivuta shati.

"Mimi wameniambia tumbo langu halina kitu. Wewe wanakupima saa ngapi?"

Nikamjibu kwa fahari kwamba mimi si mgonjwa, mimi ndiye msimamizi wa hapa. Akautazama mkono wangu, bado uko palepale tumboni. Akanipa vipande viwili vya michembe.

Niliingia kikaoni natafuna. Ajenda ya kwanza niliiandika mwenyewe: kwa nini wananchi wenye maumivu ya tumbo wanachelewa kuja kupimwa.