Gundi ya Roketi ya Kaka

Juzi nilikwenda Ngomeni arusini, na nilipofika ufukweni nikaiona ile mitambo ya kurushia roketi bado imesimama baharini, kutu tupu. Wewe uliyekulia pwani miaka ya themanini utakumbuka tulivyojivunia chuma kile, utadhani ni mali ya baba zetu. Mimi nilikitazama kidogo tu nikageuka, kwa sababu kilinirudishia harufu ya muhogo.

Kaka yangu alikuwa akiunda roketi za karatasi. Alikuwa na ugonjwa wa damu, wa kumshika mifupa hadi akalia, na macho yake yalikuwa ya manjano siku zote. Mpira hakuweza, kuogelea alikatazwa. Basi alikaa barazani na magazeti makuukuu, akiyazungushia mpini wa mwiko mpaka yakawa bomba, kisha akalitia mabawa manne ya boksi la sabuni. Roketi aliifyatua kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Ya kwanza iliruka vizuri, lakini ilipoanguka mabawa yakatawanyika, na watoto wa mtaa wakacheka hadi wakakaa chini. Tangu siku ile alitaka kitu kimoja tu duniani: roketi itakayoruka na kushuka na mabawa yake yote.

Bibi ndiye aliyemfundisha gundi. Alikoroga unga wa muhogo jikoni, akatia maji ya mwarobaini ili mende wasiile. Kaka akaipaka kwa kidole pale bawa linapokutana na bomba, huku na huku. Ikikauka anapaka tena, halafu anabandika vipande vya karatasi juu yake. Alikuwa na pupa, maskini.

"Ngoja ikauke, mume wangu," bibi alimwambia, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume. "Kwani wakimbilia wapi?"

Masika yale hakuna kilichokauka upesi. Mabawa matatu yalikuwa yameshikamana vizuri, la nne likingoja dirishani, mifupa ilipomshika tena. Alipelekwa hospitali asubuhi, jioni akarudishwa amefunikwa shuka.

Unajua desturi yetu, nyumba ya msiba haiwashi moto. Majirani ndio hupika. Kwa hivyo gundi haikuweza kupikwa, na mimi nililichukia lile jiko baridi kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Jirani alipoleta sinia la wali, nikachukua punje chache, nikaziponda, nikalipaka bawa la nne. Nilitarajia kofi. Badala yake bibi alisogea, akachukua wali kidogo kwenye sahani yake, akapaka upande wa pili.

Baada ya matanga tuliirusha uani, sisi wawili tu. Ilipanda ikapita paa la makuti, ikashuka ikajichoma mchangani. Bibi akayagusa mabawa moja moja, yote manne, kisha akageukia pale barazani alipozoea kukaa kaka.

"Umeona, mume wangu?" alisema, na hapo ndipo alipolia.

Wali ule haukuwa na mwarobaini. Mende waliimaliza roketi, wakianzia bawa la nne, na bibi naye keshatangulia. Roketi za Ngomeni watu wengi waliziona. Aliyeiona yetu ikishuka nzima nimebaki mimi tu.