Miguu ya Ma Polepole

Siku ninayotaka kukusimulia, mjukuu wangu, naikumbuka kwa miguu. Uso haumo kabisa, na hilo ndilo lililonitia matatani. Mama yako ameniambia kwamba Jumamosi unapelekwa mtaa wa Hewa Bora kujitambulisha kwa wazazi wa yule binti unayemchumbia, na kwamba juzi ulirudi nyumbani umelewa, ukabisha hodi kwenye ukuta wa jirani ukidhani ni mlango. Kaa kidogo basi. Suti yako haitakimbia.

Mimi pia nilikuwa kijana, ingawa ukinitazama huwezi kuamini. Mji huu ulikuwa bado ukiitwa Elisabethville, Wabelgiji ndio wenye amri, na mimi nilikuwa fundi katika karakana ya reli, mtoto wa baba aliyeshuka kutoka Kongolo kutafuta kazi kwenye reli hiyo hiyo. Nilikuwa na suti moja, kofia moja, na rafiki mmoja, Mulongo, aliyekuwa na kiu ya watu watatu. Bia tuliruhusiwa kunywa katika baa za cité, mitaa ya sisi Waafrika. Pombe kali ilikuwa ya Wazungu. Mtu mweusi akikamatwa nayo, analala ndani. Nadhani ndiyo maana tuliitaka sana.

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa, mimi na Mulongo tulikata mitaa kwenda kwa Ma Polepole. Jina lake halisi hakuna aliyelijua. Alikuwa akipika lutuku, ile pombe kali ya mahindi, nyuma ya nyumba ya dada yake, na mpaka leo sijaonja nyingine iliyoifikia. Kikombe cha kwanza kilikufumba macho, cha pili kilikufungua mdomo. Tulimwita Polepole kwa sababu kila alipomimina alisema hivyo, "Polepole, baba," hata kama baba mwenyewe hajaota ndevu.

Mahali pale palikuwa na sheria moja: hakuna kutazama uso. Unaingia umeinama, unakaa kwenye kigoda, unanyoosha mkono, kikombe kinashuka kutoka juu. Polisi wakikukamata na kukuuliza ni nani aliyekuuzia, unaapa kwamba humjui, na unasema kweli. Tulikuwa Wakatoliki, tulipenda kupunguza mambo ya kwenda kuungama. Basi miezi yote ile nilimjua mama yule kwa miguu tu. Kidole gumba cha mguu wa kushoto hakikuwa na kucha, na juu yake palikuwa na kovu la mviringo, alipoangukiwa na debe la moto. Kidole kile kilikuwa na tabia zake. Mtu akitaka kumdanganya mama, kiliinuka kabla mama mwenyewe hajasema neno.

Siku hizo hizo nilikuwa nikimchumbia bibi yako, Albertine. Aliimba katika kwaya ya parokia na alikuwa akijifunza ushonaji kwa masista. Baba yake, Mzee Benoît, alikuwa katekista, na mafundisho yake juu ya ulevi yaliwafanya wanaume wazima watazame viatu vyao. Kila Jumapili baada ya misa alipanda baiskeli akaenda kufundisha dini katika vijiji vya njia ya Kipushi, akarudi jioni. Mama yake Albertine nilisikia tu sifa zake, kwamba Jumapili ni siku yake ya kutembelea wagonjwa. Sikuwahi kumwona, na kwa desturi yetu sikupaswa kumwona sawasawa. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali mbele yake, wala hawasemezani bila mtu wa katikati. Niliona desturi hiyo rahisi mno.

Jumapili iliyotangulia kupeleka posa, nilikuwa kwenye kigoda changu na kikombe cha tatu. Nikasimama, mgongo nikimpa mama, kuwachekesha wenzangu. Nikafunga leso shingoni kama kola, nikaiga sauti ya Mzee Benoît akikemea walevi, mpaka watu wakashika mbavu.

"Dimanche yenye inakuya naenda kwake," nikasema. "Ataniuliza kama nakunywaka. Nitamwambia: baba, mi najuaka paka maji na chai tu!"

"Na belle-mère?" Mulongo akauliza, yaani mama mkwe.

"Ule mama? Banasema anasalaka mpaka magoti inangaa! Akisikia harufu ya lutuku atazimia, bagonjwa yake njo batakuya kumutembelea!"

Wote walicheka isipokuwa miguu. Miguu ya Ma Polepole ilisimama pale pale, kidole kimeinuka. Nikaketi tena, nikanyoosha mkono nipate kikombe cha nne, na hakikushuka kitu.

"Polepole, baba," alisema. "Kwa leo inatosha. Na dimanche yenye inakuya sitafungua. Niko na bageni."

Mtu mwenye akili zake angejiuliza ni wageni gani. Sisi tulinung'unika njia nzima kwamba mama yule hana huruma na watu wenye kiu.

Jumapili ikafika, na siku hiyo Mzee Benoît hakwenda vijijini, alitungoja. Mshenga wangu alikuwa mjomba Kalenga, na Mulongo alikuja kunisindikiza. Tulibeba kitambaa cheupe, chumvi, sukari na majani ya chai. Chai niliichagua mimi mwenyewe, nilijiona mjanja. Kwa Mzee Benoît niliingia na kichwa chini kama inavyotakiwa, nikaketi, macho yangu sakafuni. Upande wa pili wanawake walikuwa kwenye mkeka: mama mkwe amejifunika kichwa kwa kitenge, na shangazi kando yake wa kumsemea. Mimi niliona mkeka tu. Na kwenye mkeka ule palikuwa na mguu wa kushoto usio na kucha kwenye kidole gumba.

Nilijiambia kwamba makovu ni mengi mjini. Lakini Mulongo alinipiga kiwiko cha mbavu, akaanza kukohoa bila kikohozi, nikajua ameona. Na mama yule, mwanangu, alikuwa anajua tangu wiki iliyopita. Hata kama angekuwa na shaka, angenitambua kwa utosi. Vijana wa wakati ule tulinyoa njia kwenye nywele, tukiiita raie, na yangu ilikuwa imepinda kuliko zote cité nzima kwa sababu kinyozi wangu alikuwa Mulongo.

Nilimpenda Albertine, sikufichi. Nilimpenda hivi kwamba hata kazini nilikuwa napiga nyundo kidole changu. Nikajua kwamba neno moja la mwanamke aliye mbele yangu linatosha, na Albertine ataolewa na karani fulani wa posta aliyekuwa akimzungukia. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye soksi.

Mzee Benoît akasafisha koo. "Bon. Banasema uko mutoto wa mission. Mi nitakuuliza kintu kimoja tu. Unakunywaka?"

Jibu nililifanyia mazoezi. Maji na chai tu. Mjomba Kalenga alikwisha kutabasamu kwa niaba yangu. Nikafungua mdomo, nikatazama chini, na kidole kikainuka.

"Nakunywaka, baba," nikasema.

Mjomba alinifinya paja nusura nipige kelele.

"Bière?"

"Bière, baba. Na... na ile ingine pia."

"Lutuku?"

"Njo ile, baba."

Nilisikia Albertine, aliyekuwa nyuma ya pazia, akiangusha kijiko. Kisha Mzee Benoît akauliza swali ambalo sikulitegemea, kwamba ni mahali gani.

"Fasi gani?"

Hapo ile miguu ilijivuta taratibu, ikaingia chini ya kitenge. Mara moja nikaelewa kwamba anayehukumiwa sasa si mimi. Mume yule angeweza kumrudisha kwao, parokia nzima ingemnyooshea kidole, polisi wangemaliza kazi. Yeye ndiye aliyeninyima kikombe cha nne wakati mimi nilikuwa namtukana mbele ya walevi. Niliona haya ambayo sijawahi kuona tena.

"Baba," nikasema, "ile fasi leo banaifunga."

Mulongo alitoa sauti puani.

"Na muntu mwenye anakuuzishaka, njo nani?"

"Uso yake sijaiona hata siku moja, baba. Naweza kuapa."

Nikaapa. Kati ya yote niliyopanga kumwambia mzee yule, hicho ndicho kiapo pekee nilichoweza kula kwa amani. Kutoka ndani ya kitenge kikatoka kitu kama kicheko, kikageuka kikohozi. Mama akainama kwa shangazi, akamnong'oneza muda mrefu.

"Mama anasema hivi," shangazi akatangaza. "Mutoto mwenye kusema ukweli mbele ya catéchiste hatasumbuaka mutu. Lakini kule kwenye anakunywaka, asirudie tena. Hata siku moja. Na akate nywele kwa muntu mwenye kuona."

Mzee Benoît alifikiri sana. "Ule karani alisema anakunywaka paka maji," alisema mwishowe. "Maji ikamwangusha na kinga, ile baiskeli yake, mbele ya kanisa." Akaichukua ile chai yetu, akamwita Albertine aichemshe, nasi tukajua kwamba tumekubaliwa.

Nikaoa basi. Bibi yako aliingia kwangu na cherehani mpya, ile ile iliyo kwenye kona ya chumba cha mama yako, na majirani wote walishangaa katekista ameipata wapi. Lutuku ya Ma Polepole sikuionja tena. Ningewezaje? Mkwe hanywi mbele ya mama mkwe. Nimepita jua kali la mji huu miaka mingi nikijua mahali ilipo pombe bora kuliko zote, na kwamba kwangu peke yangu ni mwiko. Mulongo aliendelea kwenda, na kila Jumatatu alinieleza ilivyokuwa tamu. Huyo alikuwa rafiki wa kweli.

Familia nyingine, watoto wakizaliwa, mama mkwe hupika karamu na ule mwiko wa kutazamana huondolewa. Sisi hatukufanya. Kila mmoja aliogopa kucheka. Mpaka Mzee Benoît alipokuwa amekwisha kutangulia, na mama naye akaugua ugonjwa wake wa mwisho, akaniita, akamtoa kila mtu chumbani.

"Inua kichwa, baba," akasema.

Nikainua. Alikuwa na uso mdogo, mzuri, wenye macho ya Albertine. Tukatazamana, wazee wawili, kwa mara ya kwanza.

"Kumbe weye njo uko hivi," akasema. "Miaka yote mi najuaka paka raie ya kupindama."

Nilicheka huku nalia. Nikamuuliza kwa nini alinikubali baada ya matusi yale.

"Sababu balikuuliza fasi, na haukusema," akajibu. Halafu akanishika mkono. "Na tena, ile mashine ya Albertine ya kushona, weye na Mulongo njo muliikunywa. Ningekunyima mutoto, mashine ningemupa nani?"

Sasa sikiliza ninachokuambia, mwanangu. Sikukatazi bia na rafiki zako. Nikikukataza utacheka, na utakuwa na haki. Lakini mtazame usoni anayekumiminia. Ukiona mahali ambapo unaona haya kutazama uso, rudisha kikombe, nenda nyumbani. Usimcheke ukiwa umelewa mtu ambaye ukiwa mzima utamwomba binti, kwa sababu hujui ameketi wapi. Jumamosi wakikuuliza kama unakunywa, sema unakunywa. Na kama ukweli wako utamvunjia mtu mwingine nyumba, usimtaje. Hilo libaki tumboni mwako. Na siku mtu akikuambia kwa leo inatosha, mshukuru, maana huyo anakupenda kuliko wanaokushangilia.

Nenda sasa, kanyooshe suti yako. Mungu akutangulie Hewa Bora, akupe ulimi mwepesi kwa makosa yako na mzito kwa ya wenzako, akupe mke wa kucheka naye uzeeni, na mama mkwe anayejua siku ya kufunga duka. Mimi mzee wako nimekubariki. Ukiingia pale, ukiinamisha kichwa, angalia miguu kwanza.