Ndago, Mibuni na Dawa ya Majani

Nilirudi nyumbani Igamba baada ya jopo la watahini kunirudishia tasnifu yangu ya uzamili, likitaka sura mbili ziandikwe upya. Nilikuwa nimepoteza imani hata na uwezo wangu wa kuchagua soksi. Mama hakuliona hilo kuwa tatizo. Tatizo lilikuwa njia ya changarawe itokayo getini hadi barazani. Magugu ya ndago yalikuwa yameiteka, na wakwe watarajiwa wa mdogo wangu wangekuja kuleta mahari Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mama alitaka njia iwe safi. Alitaka pia, na hili alilirudia kila alipoleta chai, mibuni ambayo marehemu baba aliipanda upande wa mteremkoni isiunguzwe na dawa hata jani moja.

Kaka yangu alikuwa ametangulia kujaribu. Alikwenda Tunduma akaomba dawa ya majani, na muuzaji aliyezoea wakulima wa kahawa akampa kile ambacho wakulima hao hukiita hivyo: busta, chakula cha kupulizwa majanini ili mmea ustawi. Kaka akaipuliza yote njiani. Ndago zilinawiri, zikapata kijani ambacho kahawa yetu haijawahi kukiona. Nilipomuuliza kwa nini hakusoma kibandiko, alijibu kwamba yeye hakwenda kufanya utafiti.

Basi nikatumwa mimi. Dukani nilijihadhari kutamka neno majani. Nikasema sumu ya kuua magugu. Zilikuwepo za aina tatu. Ya kwanza huunguza sehemu ya juu tu, na ndago ina vinundu ardhini, ingechipua tena. Ya tatu hukaa ardhini na kuzuia mbegu zisiote, hivyo kwa changarawe tupu ndiyo yenye nguvu. Lakini mvua ingeiteremsha hadi kwenye mizizi ya kahawa. Ya pili huingia kupitia jani na kushuka hadi chini, nayo ikigusa udongo huishiwa makali. Nilikwisha kuichagua, ila nikaona ni busara kuuliza kuhusu upepo, umande na mwinuko wa njia. Nyuma yangu wateja waliotoka ng'ambo ya mpaka walianza kuguna.

"Ndugu yangu," muuzaji akasema, "unataka kuyaua au kuyasomea?"

Nilipuliza asubuhi isiyo na upepo. Kaka alitembea sambamba nami akiwa ameshika kipande cha bati kuikinga mibuni, akilalamika kwamba amegeuzwa ukuta. Nilimweleza mama kwamba sumu ya aina hii haina haraka, na kwamba asing'oe chochote mpaka mzizi ufe. Aliitikia kwa kichwa. Sasa najua kwamba hakusikia ila neno kufa.

Jumamosi ilipofika, njia nzima ilikuwa ya manjano.

"Ulisema yatakufa."

"Yanakufa, mama."

"Basi yaambie yaharakishe. Wageni wameshapita Vwawa."

Kabla sijamfafanulia tena, alipiga magoti akiwa amevaa kitenge chake kipya, akaanza kung'oa. Nilimsihi aache, kwani kukatiza kazi ya sumu ni kuviacha vinundu hai. Alinijibu kwamba vinundu havionekani kutoka getini. Nikapiga magoti nami, huku nikiharibu kwa mikono yangu kazi niliyoipanga kwa wiki nzima.

Tulikuwa tumefika nusu ya njia gari liliposimama. Mama aliinuka, akakunja vidole na kumpa mshenga kifundo cha mkono, maana viganja vilikuwa na udongo. Mshenga alikishika kwa heshima, akaitazama ile nusu ya manjano, akasema kwa upole kwamba ukame mwaka huu umezidi.

"Si ukame," mama akasema. "Huyu ndiye aliyepuliza. Lakini kahawa ni nzima, hajaunguza hata jani moja, tazama mwenyewe."

Aliyasema hayo kwa sauti ile ile aliyonilaumia asubuhi, kisha akaenda kunawa.