Slaidi Namba Saba

Siku yangu ya kwanza ya kupima damu kwa maabara ya hospitali, Nakuru, niligombana na karani kabla ya saa mbili. "Ufagio iko wapi?" akaniuliza. Nikamwambia leo mimi ni wa maikroskopu. Akacheka sana. Na kweli jana yake nilikuwa nafagia hapo hapo. Kusoma damu nilijifunza mwenyewe, nikichungulia wakati wenzangu wako chai, mpaka Mzee Wafula, msaidizi mkuu, akanishika akaninyoosha. Ukimgusa Wafula, umenigusa mimi.

Miaka hiyo ya hamsini, cheti haikuwa ya kudumu. Kila mwaka Daktari Mkaguzi anatoka Nairobi, unawekewa slaidi kumi. Slaidi ni tone la damu limepakwa kwa kioo, likatiwa rangi. Unaandika: malaria, ama hakuna. Ukikosa moja, cheti imeenda. Kutengeneza slaidi na kuandika majibu yake ilikuwa kazi ya Wafula.

Mwaka wangu wa tatu, namba saba ilinisimamisha. Mzee hakuchuja rangi, na rangi isiyochujwa inaacha vidoa kama vya malaria. Vidoa vyote vilikuwa uchafu, na majibu yake lazima yanasema malaria. Macho yake ilikuwa imeanza kufifia. Nikisema, wanamwondoa. Nikaandika malaria.

Wafula akapokea karatasi yangu. Akasoma. Akainamia ile maikroskopu, akakaa, akakaa.

"Wewe umeona malaria hapa?"

"Ndiyo, mzee."

"Wacha upuzi! Juzi si ulinifokea juu ya uchafu kama huu, damu ya yule mtu wa Kariandusi? Unataka mtu anyweshwe dawa ya kwinini bure ndio mimi nisiaibike?"

Kabla nimjibu, ameshamgeukia Mkaguzi. "Daktari, saba ni uchafu. Makosa ni yangu."

Mkaguzi akatazama mwenyewe. "Basi mmekosa nyote wawili."

Wafula akapelekwa chumba cha kufunga vidonda. Mimi nikarudi kwa ufagio mwaka mzima, na yule karani hakuchoka kuniamkia "daktari." Nusura nimzabe. Nikafanya mtihani tena, nikapita.

Miaka ikaenda, nikawa mimi ndio natengeneza slaidi za mtihani. Mwaka mmoja Chebet, msichana niliyemfundisha mwenyewe, akaandika kwa namba nne: uchafu. Majibu yangu yalisema malaria. Nikaangalia kwa jicho la kulia, nikaangalia kwa la kushoto, ndio nikauona huo uchafu. Yeye amesimama hapo, karatasi hafuti.

Nikamwekea alama ya sawa. Halafu nikaenda kwa karani kuomba fomu ya kustaafu.