Gamba la Dome

Mama mkwe wangu hakuwahi kula samaki maisha yake yote. Wazee wake walitoka Rwanda na ng'ombe wao, na kwao samaki na nyoka walikuwa fungu moja. Jirani akikaanga dagaa, yeye alifunga mlango wa upande ule na kuyafunika maziwa. Kwa hiyo mume wangu aliporudi Kimuli kutoka pwani, mgonjwa, akatoa begini kitu cheupe chenye umbo la ndizi iliyopasuliwa, maswali yalianza kabla hajakaa.

"Hicho ni nini?"

"Ni gamba la dome, mama. Analibeba ndani ya mwili wake, linamsaidia kuelea."

"Ni samaki?"

"Si samaki. Ni ndugu wa pweza."

"Anaishi majini?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ni samaki. Kitoe nje."

Likatundikwa kwenye banda la mbuzi, mbali na kona ya ndani ambako vyombo vya maziwa vilipangwa. Mume wangu alicheka. Bado alikuwa na nguvu ya kucheka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa katika kituo kimoja cha utafiti wa viumbe vya baharini. Alianza kwa kubeba ndoo za maji ya chumvi, baadaye akapewa kusafisha matangi ya vioo na kulisha dome. Sasa ini lilikuwa limeharibika. Majirani walidhani ni ule ugonjwa uliokuwa ukimaliza watu kwetu Kagera. Haukuwa huo, lakini hatukwenda nyumba kwa nyumba kueleza. Tumbo lake lilijaa maji, na langu lilikuwa na mtoto wetu wa kwanza. Tulipokaa kwenye mkeka asubuhi aliyatazama yote mawili.

"Haya, tuone nani atajifungua kwanza," alisema.

Sikujua kama inaruhusiwa kucheka. Nilicheka.

Mimi niliishia darasa la saba kule Bweranyange, na bahari sijaiona mpaka leo. Ninachojua kuhusu dome nilikipata kwenye ule mkeka. Kwamba ana mikono kuzunguka mdomo na mioyo mitatu. Kwamba damu yake si nyekundu. Kwamba ukimweka kwenye mchanga anafanana na mchanga, ukimweka kwenye kokoto anatoa mabaka, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mtafiti aliyefanya naye kazi aliamini kwamba mnyama huyo haoni rangi kama sisi, na bado anazipatia. Jambo hilo walikuwa wakilitafuta bila kulimaliza.

"Kinyonga wa majini," alisema mama mkwe. Alikuwa akimenya ndizi, akijifanya hasikilizi. "Na hiyo mioyo mitatu ni ya kazi gani? Aoe wake watatu bila ugomvi?"

"Mama, miwili ni ya kusukuma damu kwenye mashavu ya kuvutia hewa."

"Aa. Basi anabaki na mke mmoja kama wewe."

Lakini mayai ndiyo mume wangu aliyoyarudia zaidi. Alisema dome jike huyabandika chini ya mwamba, meupe kama matone ya maziwa, kisha baada ya muda mfupi anakufa. Hawaoni wanawe. Mayai huvimba, na ganda linakuwa jembamba mpaka unamwona mtoto ndani, ana macho tayari. Alikuwa akipitisha kidole polepole mbele ya kioo, na vile vijicho ndani ya mayai vinageuka kukifuata.

"Hawajazaliwa," aliniambia, "na wameshaanza kuiangalia dunia."

Hospitali walisema hawana la kufanya zaidi, bila kutaja muda. Yeye hakuomba kupona, walau sikumsikia. Alichotaka ni kwamba mtoto amjue. Alinieleza hivyo waziwazi, halafu akaanza kupiga mluzi.

Ulikuwa mluzi wa kukamulia. Baba yao alikuwa amewafundisha yeye na mdogo wake: mluzi mrefu unaoshuka, unakatika, unaanza tena chini kidogo, ili ng'ombe atulie na aachie maziwa. Kila asubuhi aliinamia tumbo langu na kuupiga.

"Wewe," mama yake alimwambia, "mke wako atatoa maziwa kabla ya wakati."

"Ninamzoeza mtoto, mama."

"Mtoto si dome."

"Ana masikio."

 Mama mkwe alitikisa kichwa akaendelea na ndizi zake.

Mwishoni pumzi haikutosha. Midomo ilikaa kwenye umbo la mluzi na hewa ikapita tu. Alifariki kabla ya mtoto. Tulimzika kwenye migomba nyuma ya nyumba, na kwa muda wote wa msiba shemeji, yule mdogo wake, alikamua kimya, kwa kuwa hatupigi mluzi kwenye nyumba yenye kilio.

Mtoto alizaliwa, msichana. Alilia sana jioni. Nilimnyonyesha, nikambeba mgongoni, nikamwimbia, akalia tu. Sikuwa na machozi yangu wakati ule. Nadhani nilimwachia yeye.

Siku moja, msiba ulipokuwa umeshaondolewa, nilikaa naye mlangoni analia. Ng'ombe alikuwa amebana maziwa. Shemeji alibembeleza, akagonga ekyanzi, chombo chake cha mti cha kukamulia, kwa kidole, haikusaidia. Ndipo akapiga mluzi.

Mtoto alinyamaza. Akageuza kichwa upande wa zizi, macho wazi, mdomo umeachama.

Kisu cha mama mkwe kilisimama kwenye ndizi.

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Rudia," alimwambia mwanawe.

Akarudia. Mtoto alitulia kidogo, akapata kwikwi, halafu akaanza kulia upya. Naandika yote mawili kwa sababu yote mawili yalitokea. Sitasema alimtambua baba yake. Mluzi ulikuwa wa shemeji, na watoto wote hugeukia sauti. Sijui. Nimekaa na kutojua huko miaka mingi, na hakunichoshi.

Mama mkwe aliinuka, akanawa utomvu wa ndizi, akaenda banda la mbuzi. Alirudi ameshika lile gamba kwa mikono yote miwili. Alipita katikati yetu, akaingia ndani, akaliweka kwenye kona ya maziwa, kati ya vibuyu viwili. Aliporudi aliona ninamtazama.

"Limekauka siku nyingi," alisema. "Halina harufu."

Kisha akanyoosha mikono nimpe mtoto.